Siku Niliyovaa Soksi za Mkwe Wangu Kilimanjaro

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana kila ninayekutana naye kisimani ananiuliza habari hii, na kila mmoja amekwisha kusikia ya kwake.

Nilikuwepo mimi Otilia, mke wa Mzee Zenobius wa hapa Mpepai. Alikuwepo Dorika, mke wa kaka yangu Longinus, kwa hiyo ni wifi yangu. Ni Mnyasa wa Liuli, Mwanglikana, na akianza kusema hamalizi. Alikuwepo Aminieli, Mchaga wa Marangu, mume wa binti yangu Skolastika. Na alikuwepo Inga, bibi wa Kidenishi wa rika langu, mgeni aliyekuja kupandishwa mlima siku ile. Skola mwenyewe alibaki nyumbani na mtoto mchanga, kwa hiyo akija msimwulize ya mlimani, atawasimulia ya kuambiwa.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Vumilieni mwandiko.

Kilichonipeleka

Skola aliondoka hapa akiwa msichana, akaenda Moshi kupika katika nyumba ya wageni ya masista. Huko akaolewa na Aminieli, Mlutheri, pasipo sisi kuulizwa wala kula hata kuku mmoja. Barua yake ilisema, "Mume wangu kazi yake ni kupandisha wageni mlima Kilimanjaro na kuwashusha."

Mzee Zenobius akaipeleka kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja jioni na kusema mambo ya nyumba zao. Wakaisoma mara mbili. Shemeji yangu Gaudensi akauliza, "Anapanda, anashuka. Anashuka na nini?"

Sisi hapa milima tunaipanda kila siku, lakini tunashuka na kuni, au mahindi, au debe la kahawa kichwani. Mtu anayelipwa kwa kupanda mikono mitupu na kushuka mikono mitupu, wakasema, kazi hiyo inaficha nyingine. Wakakata shauri kwamba Aminieli ni mvusha magendo.

Sasa mnajua desturi ya ukoo wetu. Mama mkwe na mkwe mwanamume hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana, mpaka mkwe atoe nguo. Mama mkwe akiivaa nguo hiyo mbele ya shahidi wa upande wake, basi, aibu imeondoka, mkwe amekuwa mtoto wa nyumbani. Aminieli alileta kitenge kwa mkono wa dereva mmoja. Mzee Zenobius alikirudisha na dereva yuleyule, hata hakikufunguliwa. Miaka saba ikapita hivyo.

Mwaka huu ikaja barua nyingine: Skola amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, wamemwita Otilia. Niliisoma, nikaiweka kifuani, sikupika siku ile. Mzee Zenobius akala viazi vya jana, akaniangalia, akasema, "Kahawa imekwisha kuvunwa. Nenda ukaone kwa macho yako. Kama kazi ipo, tutazungumza. Kama haipo, rudi na binti yako na wajukuu. Lakini nguo usipokee kabla hujaiona kazi. Hata leso."

"Hata leso," nikakubali.

Mpepai mpaka Songea, juu ya magunia

Tulipanda lori la wale wanunuzi wapya wa kahawa, wanaokuja siku hizi kila mmoja na mizani yake. Dereva aliitwa Siprian, mtu wa Kigonsera. Mimi na Dorika tukakaa juu ya magunia, na Dorika akiwa na ndoo ya usipa waliokaushwa, imefungwa kwa kanga.

"Wifi," nikamwambia, "Wachaga wana nyama. Samaki hawa wa nini?"

"Nyama wanayo, ziwa hawana," akajibu. "Nitawapelekea ziwa."

Tulikwama nusu siku kwenye mteremko, gurudumu la nyuma limepasuka na la akiba nalo limepasuka. Siprian akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta kiraka. Wanakijiji wakatuletea mahindi ya kuchoma na maji. Mama mmoja, Fausta, akatuuliza tunakwenda wapi. Dorika akasema, "Kilimanjaro."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia mtu anavyotembea."

Fausta akanitazama mimi kwa huruma, akaniongezea hindi.

Songea mpaka Marangu

Katika basi la Songea ugomvi ulikuwa ndoo. Kondakta alisema usipa wakae juu ya keria. Dorika alisema wakipanda usipa na yeye anapanda. Abiria wakaanza kuchukua pande. Mzee mmoja wa Tunduru, Athumani, mwenye kofia ya kufumwa, akainuka akasema, "Kijana, hiyo harufu ndiyo inanifanya nisitapike na harufu ya dizeli. Acha ndoo." Ikaachwa. Mzee Athumani akapewa usipa konzi mbili, akawatafuna wakavu vilevile, njia nzima.

Mikumi tulisimama kwa ajili ya tembo. Walikuwa wanne, wakavuka barabara kama watu waliotoka misa ya pili, hawana haraka. Chalinze tulishuka kungoja basi la kaskazini, halikuja mpaka kesho yake. Mama muuza chai, Mwanaidi, akatulaza katika chumba cha binti zake. Alipojua tunakwenda mlimani akashika mikono yetu akasema, "Basi mkaombee na mguu wangu huu." Alidhani tunakwenda kuhiji. Dorika alitaka kumweleza, nikamkanyaga. Mguu wa Mwanaidi nimeuombea, na nitasema wapi.

Marangu tulipokelewa na Skola stendi. Sitaandika tulivyolia. Miaka saba si michache.

Siku tatu za mgongo

Nyumba yao ipo katikati ya migomba na kahawa. Kahawa yao imepandwa kivulini, nikaona matawi hayajakatwa vizuri, nikanyamaza. Otilia mdogo ana masikio ya Mzee Zenobius, yale yaliyosimama, maskini.

Aminieli nilimwona siku ya kwanza kwa mgongo. Nilipoingia uani yeye alikuwa anapasua kuni. Aliposikia sauti yangu hakugeuka. Aliweka shoka chini, akavua kofia, akachepuka kwenye migomba mpaka nilipokwisha kuingia ndani. Nilistaajabu. Wachaga hawana desturi hiyo ya kwetu.

"Nani kamfundisha?" nikamwuliza Skola.

"Mimi, mama. Tangu mwaka wa kwanza. Alisema ipo siku utakuja."

Siku tatu ikawa hivyo. Anakula jikoni, mimi nakula sebuleni. Akitaka kuniuliza jambo anamwambia Dorika, maana Dorika ni mke wa mjomba, desturi haimshiki. "Mwambie mama, amelalaje?" Na mimi namjibu Dorika, na Aminieli yupo hatua nne tu nyuma ya mlango. Dorika akachoka. "Mnanifanya simu ya posta," akasema.

Lakini kazi sikuiona. Mgeni hakuwepo, Aminieli alishinda anapasua kuni na kukata majani ya ng'ombe. Na mlima wenyewe sikuuona, toka tufike wingu tu. Nikaanza kusikia sauti ya Gaudensi sikioni: anashuka na nini? Nikamtazama Skola ananyonyesha, nikajiuliza nitamwambiaje afunge mizigo.

Siku ya tatu jioni Skola akaja amechangamka. "Mama, kesho Aminieli ana mgeni. Bibi mmoja, anapanda na kushuka siku hiyohiyo, mpaka kwenye vibanda vya Mandara na kwenye shimo la Maundi, ambako theluji inaonekana. Amekubali wewe na mkaza mjomba mfuatane naye. Utaiona kazi."

Akanipa raba zake, sweta na koti. Aminieli akatuma fimbo, ameichonga mwenyewe, laini mahali pa kushika. Nikasita. Dorika akasema, "Fimbo si nguo, wifi. Chukua."

Getini mpaka Mandara

Inga alikuwa mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Akanijia akasema, "Shikamoo." Nikajibu marahaba kwa raha zangu. Kisha kwa vidole akanionyesha miaka yake, sitini na sita. Mimi kwa cheti cha ubatizo nina sitini na nne. Ikabidi nimrudishie shikamoo yake. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

Tukaanza. Aminieli mbele, Inga nyuma yake, mimi, halafu Dorika. Msitu wa pale ni mkubwa, miti ina ndevu, na mbega weusi wenye mabega meupe wanakutazama kama mapadri. Mimi ni mtu wa milima, nikataka kwenda mwendo wa kwenda shamba. Aminieli akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Mke wa mjomba, mwambie mama polepole."

"Wifi, polepole."

"Mwambie huu ni mwendo wa wagonjwa. Sisi tutafika lini?"

"Mkwe, anauliza tutafika lini."

"Mwambie mama, anayewahi hapa ndiye ninayembeba kurudi."

Basi nikawa ninatazama visigino vyake. Asubuhi nzima, kando ya miguu myembamba ya Inga, nilikuwa na visigino vya mkwe wangu mbele ya macho, buti limetoboka upande wa kulia na kushonwa kwa waya. Nikawaza: huyu analipwa kwa hivi? Maana kweli alikuwa anatembea tu. Mara anasimama, hasemi kitu, anasubiri, anaendelea. Anasimama tena. Sikuona sababu. Nikaanza kutunga moyoni maneno nitakayoyasema kwenye sengu, na hayakuwa mazuri.

Tukafika kijito. Daraja lake ni gogo, limelowa, limeota ukungu. Aminieli akavuka, akasimama ng'ambo, uso kautazamisha pembeni, mkono ameunyoosha. Inga akaushika akavuka. Zamu yangu.

Ule mkono niliutazama. Nikamtazama Dorika.

"Shika, wifi! Mkono hauumi!"

"Siwezi."

"Mbona nyanya wa watu unataka kufa kwa ajili ya Gaudensi?"

Nikashuka kandokando, nikaingia kijitoni na raba zangu, nikavuka kwa miguu. Maji yalinifika juu ya kifundo, na baridi yake sijapata kuijua, hata ziwa mwezi wa saba si hivyo. Nikatoka ng'ambo nimeinua kidevu kama niliyeshinda. Dorika akavuka kwa gogo, akaushika mkono wa Aminieli kwa mikono yake miwili, makusudi, ananitazama.

Mandara ni vibanda vya mbao vyenye mapaa makali, katika uwanja wa majani. Hapo Dorika akakaa, akavua viatu, akasema Mungu wa Liuli na Mungu wa hapa ni mmoja, na yeye amekwisha kumfikia. Chakula nacho kikawa kesi nyingine. Inga alifungua kisanduku chake: yai, mkate, ndizi. Akanikaribisha. Aminieli alikuwa karibu, kwa hiyo nikainuka na kiazi changu nikaenda kula nyuma ya kibanda. Inga akanifuata, ana wasiwasi, anadhani amenikosea. Akanipa yai. Nikakataa, nikamwonyesha Aminieli, nikafunika uso. Akaenda kumgombeza Aminieli! Namsikia anamsema kwa Kiingereza, kidole juu, na Aminieli anajitetea. Kumbe alidhani mwanamume huyu amenikataza kula.

Miguu yangu ilikuwa imelowa chapachapa. Sikusema. Ningesema, Dorika angeuliza nani aliniambia niingie majini.

Maundi

Kutoka vibandani mpaka Maundi si mbali, kama kutoka kanisani mpaka kwetu. Tulikwenda watatu. Sasa Dorika hayupo, na Inga Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo na asante. Nani atasema kati yangu na mkwe?

Aminieli akalijua hilo kabla yangu. Alisimama njiapanda, akaiinua fimbo yake mbele ya uso, akaisemesha.

"Fimbo, mwambie mama njia hii ina mizizi, aangalie."

Nikaangalia nyuma, mbele. Hakuna mtu. Nikaiinua na mimi fimbo yangu.

"Fimbo, mwambie nimeona."

Inga akatutazama mmoja mmoja. Kisha na yeye akaiambia fimbo yake neno la Kidenishi, kwa adabu kabisa.

Tukatoka kwenye miti, tukafika ukingoni. Watu wangu, ni shimo. Shimo la duara, kubwa, limeota majani mpaka ndani. Mimi maisha yangu yote nimechimba ngolo, vile vishimo vyetu vya mteremkoni vya kuzuia maji yasichukue udongo; pale nikaona ngolo moja iliyochimbwa na mtu asiyejua kiasi.

"Fimbo, mwulize nani alichimba."

"Fimbo, mwambie mama mlima huu zamani ulitema moto. Hapa palikuwa mdomo wake mmoja, ule mkubwa upo juu."

"Fimbo, mwulize, moto na theluji vinakaaje nyumba moja?"

Mgongo wake ulikuwa unatikisika, anacheka.

"Fimbo, mwambie mama, moto umelala. Theluji ndiyo blanketi yake."

Lakini theluji hatukuiona. Wingu tupu. Halafu upepo ukaja, na mvua ya mawe, vipunje vidogo kama mchele, vinachoma usoni. Inga akaonyesha njia inayokwenda juu zaidi, anataka tuendelee tukalipite wingu. Anaomba, anasihi. Akasema kwa vidole kwamba hii ni mara yake ya mwisho. Na mimi nilitaka. Nimetoka Mpepai, kazi sijaiona, theluji sijaiona, nirudi na nini? Nikaanza kupanda nyuma ya Inga, hatua sita, saba.

Aminieli hakuwa anatutazama. Alikuwa amesimama ametupa mgongo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ghafla akaiambia fimbo, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia siku zote:

"Fimbo, mwambie mama asimame hapohapo."

Nikasimama.

"Mwambie miguu yake ina maji tangu kijitoni. Mpaka Mandara alikuwa anakanyaga vizuri. Toka tuache vibanda mguu wa kushoto anauburuta, na sasa wa kulia anaukanyaga kama anayekanyaga pamba. Havisikii tena vidole. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Vidole sikuwa navyo, nilikuwa na kitu kama mihogo ndani ya raba.

"Na pumzi yake," akasema, "pale kwenye msitu nilisimama mara kumi na moja kwa ajili ya pumzi yake, na mara nne kwa ya huyu mgeni. Mwambie leo hakuna anayepanda zaidi."

Ndipo nikaelewa kule kusimamasimama kwake kwa asubuhi. Huyu mtu alikuwa amenipa mgongo siku nzima na ananisikiliza. Hakunitazama hata mara moja, na anaijua miguu yangu kuliko mimi. Kutembea tunatembea wote. Yeye analipwa kwa kusikia pumzi za watu na kuwaambia basi inatosha. Gaudensi, anashuka na nini? Anashuka na watu wale aliopanda nao, wote, wazima. Hicho ndicho anachoshuka nacho.

Akamwambia Inga kwa Kiingereza. Inga akakunja uso, akabisha kama mgeni aliyelipia, na Aminieli akatikisa kichwa tu. Mwisho Inga akanitazama miguu, akapiga magoti kwenye majani, akanivua raba. Vidole vilikuwa vya rangi ya majivu. Akavisugua, akavipulizia, akavitia ndani ya sweta yake, kwapani. Mwanamke ambaye asubuhi sikumjua.

Aminieli akaketi kwenye jiwe, ametupa mgongo. Namwona anafungua buti lile la waya. Akavua soksi zake, nene, za sufu, nyekundu zenye mstari mweupe, mtumba lakini nzima. Akajifunga buti tena kwa miguu mitupu. Akazitundika soksi kwenye ncha ya fimbo, akairudisha nyuma bila kugeuka.

"Fimbo, mwambie mama hizi zina joto."

Nikakumbuka: hata leso.

Nikazitazama zile soksi zinaning'inia. Nilifikiria Mzee Zenobius, nikafikiria kitenge kilichorudi bila kufunguliwa. Kisha nikafikiria vizuri zaidi. Nimeambiwa nisipokee nguo kabla sijaiona kazi. Na kazi nimeiona. Kazi imetangulia, soksi zimefuata.

Nikazivaa. Zilikuwa na joto la mtu.

Tulikaa pale mpaka damu iliporudi, na inaporudi inachoma, nililia machozi. Nikiwa nalia hivyo Inga akapiga kelele. Nikainua macho. Wingu lilikuwa limepasuka kama mtu amelishika pindo akalivuta. Na ndani yake, juu, juu sana, mahali ambapo mimi nilikuwa nadhani ni mbingu, mlima. Mweupe. Mnajua wanawake wa ziwani wanavyoanika unga wa muhogo juu ya jiwe kubwa, na jua likapiga? Hivyo, lakini jiwe lenyewe ni kubwa kama nchi yote kutoka hapa mpaka Mbamba Bay. Haikudumu. Labda muda wa kusali Salamu Maria tatu, na najua kwa sababu nilizisali, ya kwanza kwa Otilia mdogo, ya pili kwa mguu wa Mwanaidi wa Chalinze, ya tatu sijui ilikuwa ya nani, ilitoka tu. Inga alinishika mkono hakuuachia.

Aminieli hakutazama juu. Ameuona mara nyingi. Alikuwa bado anasikiliza.

Kushuka

Dorika alituona tukitokea, akaona miguu yangu kabla ya uso.

"Soksi za nani hizo?"

Nikajifanya natazama vibanda.

"Wifi Otilia. Asubuhi ulitoka na soksi?"

"Sikutoka na soksi."

"Za Mzungu?"

Inga akatikisa kichwa, akamwonyesha Aminieli. Dorika akamtazama Aminieli buti, akavuta ulimi wa buti, akaona ngozi. Akajishika kiuno, akapiga kigelegele, kile cha harusi, mpaka wapagazi wakatoka vibandani.

"Amevishwa! Mkwe ametoa nguo, mama mkwe amevaa, na mimi shahidi wa upande wake nimeona kwa macho yangu!"

"Dorika, ni soksi."

"Soksi zinavaliwa au zinaliwa?"

"Zinavaliwa."

"Basi."

Aminieli alikuwa bado ametazama upande wa msitu, hajui afanye nini. Nikaweka fimbo chini. Nikasema, na sauti yangu ikanikatika kama ya msichana:

"Aminieli, mwanangu. Geuka uje ule."

Akageuka. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Miaka saba sikujua mkwe wangu ana kovu. Akasema, "Shikamoo mama," nikasema, "Marahaba, baba," akakaa. Tukala wanne pamoja, viazi baridi na usipa wa Dorika. Inga akauliza kwa vidole kama na kichwa kinaliwa. Dorika akamwonyesha. Akala kumi na wawili na vichwa vyao, nilimhesabia.

Pale kwenye kijito Aminieli akavuka kwanza, akanyoosha mkono, na safari hii alinitazama. Mkono wake ni mgumu, kama wa mtu wa jembe. Nikavuka kwa gogo, miguu mikavu.

Kwenye sengu

Wanawake sengu yetu ni kupeleka chakula na kuondoka. Safari hii Mzee Zenobius akasema, "Kaeni," mimi na Dorika tukakaa karibu na mlango. Nikasimulia yote, na mwisho nikatandaza soksi mbele yao, juu ya mkeka.

Gaudensi akazisukuma kwa kidole. "Hii si nguo. Mtu akivaa soksi peke yake, amevaa?"

"Na akivaa kilemba peke yake je?" Dorika akamrukia. "Mbona kilemba mnapokea?"

Watu wakacheka ndani ya mikono yao. Mzee Zenobius hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya soksi moja mpaka mwisho, akakaa hivyo, anaupima upana.

"Alisikiaje?" akaniuliza.

"Nini?"

"Miguu yako."

"Kwa hatua. Alisikiliza tu."

Akautoa mkono kwenye soksi. Kisha akasema, taratibu, mbele ya ndugu zake wote: "Mimi nimekutangulia kwenda shamba miaka arobaini. Sijapata kusikia hatua zako."

Mwisho Gaudensi mwenyewe akakohoa, akasema, "Halafu desturi inataka nguo moja. Hizi ni mbili."

Barua iliandikwa kesho yake. Watakuja kahawa ikianza kuiva, wote watano. Aminieli anataka kuona ngolo. Shamba letu la juu mnalijua lilivyo kali, na yeye ni mgeni wa milima hii. Nitatangulia mimi. Nitasikiliza pumzi yake.

Haya, ndiyo niliyoyakumbuka. Kama dereva hakuwa Siprian bali ni yule ndugu yake, au kama yule mama wa mahindi siye Fausta, njooni mniambie nifute niandike upya, daftari bado lina nafasi. Dorika naye atawaambia kwamba theluji aliiona kutoka vibandani. Mwenye kuyajua mazingira ya kule anisaidie kumsahihisha, maana mimi hanisikii. Lakini kuhusu soksi msinisahihishe. Ninazo miguuni hapa ninapoandika.